Pedali za Gemu na Dramu za Kwaya

Dukani kwa Husna,
Lushoto mjini.
18 Agosti 2024

Kwako kaka Zabron,

Shikamoo kaka. Natumaini barua hii itawakuta nyote salama huko Mafinga, wewe, wifi Secilia na watoto, na kwamba lile bega lililokuwa likikusumbua tangu Pasaka limepata nafuu. Huku kwetu baridi haijaisha. Ukungu unashuka saa tisa mchana, na watu wanakwenda sokoni na makoti yao kama wanaokwenda safari. Baba ni mzima. Kifua kilimbana mwezi wa sita, lakini amesharudi shambani. Amepanda karoti na kabichi kule chini karibu na mfereji, na bado hataki kuvaa soksi. Mimi pia afya ninayo.

Najua utashangaa kuona bahasha wakati tunazungumza kwa simu kila baada ya wiki mbili. Kwenye simu wewe hunitania, nami hucheka, na jambo nililotaka kusema linapita. Safari hii nimetaka niseme mpaka mwisho. Nakuomba nawe usome mpaka mwisho, hata ukifika mahali ukataka kuichana.

Nianze na habari za kazi. Bado natengeneza simu na Husna, na wateja wapo. Mwezi wa pili kaka yake, Ismaili, alifunga chumba chake cha gemu kule Tanga baada ya kupata kazi bandarini, akatuletea masanduku ya vitu vyake tumtunzie. Ndani yake kulikuwa na kompyuta moja nzito, usukani wa kuchezea gemu za magari uliovunjika katikati, pedali zake tatu ambazo zilikuwa nzima kabisa, na miwani ile ya VR, ambayo mtu akiivaa haoni tena chumba alichomo, anaona kilichomo kwenye kompyuta. Ismaili alisema tuvitumie tu, visije vikaoza.

Kaka, kwenye kompyuta ile kulikuwa na programu ya dramu. Unavaa miwani, unashika vishikio viwili mikononi, na mbele yako kunatokea seti nzima, matoazi na kila kitu. Vile vishikio vinakuwa fimbo. Ukipiga hewani, unasikia mlio masikioni mwako. Siku ya kwanza nilipoivaa, Husna anasema nilisimama kimya muda mrefu hadi akadhani naumwa.

Lakini ile programu ilikuwa ya mikono tu. Ngoma kubwa ya mguu ulitakiwa kuipiga kwa kubonyeza kitufe kwa kidole gumba, na mimi sikuweza. Unakumbuka nilivyokuwa nakaa kwenye benchi la ukutani nyuma yako wakati wa mazoezi ya kwaya? Kutoka pale mgongo wako ulinizibia mikono. Nilichokuwa nakiona ni miguu yako. Dramu nilizijua kwa miguu yako kabla ya kitu kingine chochote, kwa hiyo mguu ukinyamaza mimi napotea.

Nilimpigia Ismaili, akanieleza kwamba kompyuta haijui kama pedali ni ya gari au ya kitu gani. Mimi ndiye wa kuiambia. Basi nikaiambia kwamba pedali ya mafuta ni ngoma kubwa, na pedali ya klachi ni yale matoazi mawili yanayofunguka na kufunga kwa mguu wa kushoto. Breki niliiacha, ni ngumu mno. Ilinichukua wiki mbili kuipata sawa. Kwanza programu ilikuwa ikisubiri mguu ufike chini kabisa ndipo ipige, nikairekebisha ipige mguu ukifika theluthi ya njia. Kisha hedifoni zisizo na waya zilikuwa zinachelewesha sauti, mguu unashuka, mlio unakuja umechoka. Nikachukua za waya. Mwisho pedali zilikuwa zinateleza kwenye sakafu ya saruji kila ninapokolea. Fundi seremala wa pale stendi akanipa kipande cha msonobari wa Shume, nikazipigilia hapo, nikaweka kiti changu juu ya ncha nyingine ya ubao. Tangu hapo hazijasogea.

Nilihamishia vitu vyote chumbani kwangu, nikawa nafanya mazoezi kila nikitoka dukani. Uzuri wake ni kwamba hakuna anayesikia. Mwenye nyumba wangu, Mama Rahma, ana mapacha wachanga, dramu za kweli angenitoa siku hiyo hiyo. Yeye alichosikia ukutani ni miguu yangu tu, tuku-tuku, tuku-tuku. Baada ya mwezi alibisha hodi akiwa na kitenge kimekunjwa vizuri, akaniomba nimshonee gauni la Idi, na akanilaumu kwa upole kwamba nimemficha kuwa nina cherehani. Ilibidi nimwingize ndani nimvalishe ile miwani. Alipiga toazi moja, akaivua, akasema nimrudishie kitenge chake.

Sasa kuna hili la Mwalimu Aron. Bado ndiye anayefundisha kwaya nyumbani Mlalo. Mwezi wa sita alikuja dukani kwetu na simu iliyopasuka kioo. Siku hiyo umeme chumbani kwangu ulikuwa na hitilafu, nilikuwa nimevirudisha vile vitu dukani, na kwa kuwa hapakuwa na mteja nilikuwa nyuma kwenye kona, nimevaa miwani, napiga. Sikumwona akiingia. Husna anasema alisimama akiangalia miguu yangu dakika nzima, kisha akaomba asikilize. Husna akachomoa waya wa hedifoni ili sauti itoke kwenye spika. Nilipovua miwani nilimkuta mwalimu ameweka kofia yake kwenye kaunta, anatikisa kichwa kwa mapigo. Aliniambia kwamba kwaya imepata dramu mpya tangu Krismasi na zimekaa bila mpigaji. Akaniomba niende Jumamosi.

Nilikwenda. Kaka, mikono yangu iliniaibisha. Kwenye ile programu fimbo haidundi, inapita tu hewani, lakini dramu ya kweli inakurudishia fimbo kwa nguvu, na mara mbili ilinitoka mkononi. Wale wa sauti ya tatu walicheka. Lakini miguu ilikuwa sawasawa. Ilijua kazi yake tangu pigo la kwanza, na mikono ikaifuata kidogo kidogo, na tulipofika ubeti wa mwisho wa wimbo wa tatu hakuna aliyekuwa akicheka. Sijawahi kufurahi namna ile. Nakuambia hivi usije ukadhani ninayoyaandika sasa nayaandika kwa sababu sizitaki zile dramu.

Baada ya mazoezi Mwalimu Aron aliniambia niwe nakuja kila wiki. Kisha akasema, kwa wema kabisa, kwamba Mungu ameifutia familia yetu aibu, kwamba tangu Zabron aharibu zile za kwanza alikuwa akiomba mtu wa nyumba ile ile azirudishe. Watu wakaitikia amina. Mimi nilikaa pale kwenye kiti nimeshika fimbo.

Kaka, dirisha la stoo hukuliacha wazi wewe. Nililiacha mimi.

Ilikuwa Jumatatu, ulikuwa umekwenda Shume kupakia mbao. Koti lako la kanisani lilikuwa kwenye msumari na ufunguo ulikuwa mfukoni. Nilikuwa na miaka kumi na sita, na nilikuwa nimeshaambiwa mara mbili kwamba msichana anapiga kayamba. Niliingia stoo ya kanisa zilimokuwa dramu, nikafungua dirisha la nyuma nipate mwanga, nikakaa kwenye kiti chako. Nilipiga polepole sana, labda robo saa. Kisha nikasikia mtu anakohoa njiani, nikatoka, nikafunga mlango, nikakimbia. Ufunguo niliurudisha. Dirisha nililikumbuka siku ya tatu, mvua ikiwa inanyesha bila kupumzika, na nikajiambia upepo huenda umelifunga. Jumamosi mlipofungua, mbao za zile dramu zilikuwa zimeumuka na kubanduka, na ufunguo ulikuwa wako.

Nilikuwepo uliposema kwamba ulifunga. Nilikuwepo baba aliposema mbele ya wazee wa kanisa kwamba umemvua nguo, na kwamba angalau ungesema kweli. Ningeweza kusema wakati ule. Nilisubiri hasira ipungue kwanza, kisha nikasubiri kitu kingine, na wewe ukawa umeshafunga begi.

Kinachoniuma kuliko vyote ni asubuhi ile ya kuondoka. Uliniuliza kama mimi naamini kwamba ulifunga. Nikasema naamini. Ukanishika kichwa ukaniambia, "Angalau wewe." Miaka saba nimekuwa nikilisikia neno hilo. Hata tulipomzika mama, ulipolala kwa jirani badala ya nyumbani, uliniita pembeni ukanipa koti lako nisipigwe baridi, na sikusema.

Jumatatu iliyofuata mazoezi yale nilipanda Mlalo. Baba alikuwa anapalilia kabichi. Nilimwambia nikiwa nimesimama, kwa sababu nilijua nikikaa sitamaliza. Alipalilia mpaka mwisho wa tuta, akaweka jembe chini, akakaa kwenye ukingo. Aliniuliza kwa Kishambaa kama kuna mtu mwingine anayejua. Nikasema hakuna. Kisha akasema, "Kijana aliniambia kweli, nami nikamwita mwongo mbele za watu." Mimi hakunigombeza, kaka. Nilikuwa nimejiandaa kugombezwa, na nilitamani angefanya hivyo.

Alinitaka nikaseme kweli kule kule kanisani niliponyamaza. Ilinichukua wiki kadhaa kupata ujasiri. Jumapili iliyopita, baada ya ibada, nilisimama mbele ya kwaya na wazee nikaeleza yote, na jina lako nikalitaja mara nyingi kusudi. Wazee wameamua nisihudumu kwenye kwaya mpaka kipaimara cha Novemba kipite. Ni haki, nimekubali. Mwalimu Aron hakuniangalia wakati wote niliokuwa nikisema, lakini mlangoni aliniambia nisiache mazoezi, kwa hiyo narudi kwenye ubao wangu wa msonobari, na Mama Rahma ataendelea kuwaambia wageni wake kwamba chumba cha pili anakaa fundi wa nguo asiyeshona.

Sikuombi unisamehe kwa barua. Ukitaka kunipigia unigombeze, nitapokea, na sitacheka. Ukitaka kukaa kimya muda mrefu, nitakuelewa. Ila nimetaka ujue kwamba nyumbani na kanisani watu wanajua sasa kwamba ulifunga lile dirisha, na kwamba ulipoulizwa ulisema kweli.

Msalimie sana wifi, mwambie zile mbegu za maharage alizoagiza nimeziweka na nitazituma na mtu wa kwanza anayeelekea huko. Wabusu watoto. Husna anakusalimu, na Mama Rahma pia, ingawa hamjuani.

Nikupendaye sana, mdogo wako,
Esteria

*

Zabron mwanangu. Esteria amenisomea barua hii na nimemwambia aniachie nafasi. Mkono wangu si mzuri siku hizi. Nilikusema vibaya mbele za watu na wewe hukuwa na kosa. Wazee nimeshawaambia. Sasa nakwambia wewe. Chumba chako nimekipaka chokaa jana.

Baba yako,
Fanueli