Betri ya Akiba Aliyoiomba Nasra

Mji wa Kale, Mombasa

Dadangu mpenzi Maryam,

Salamu nyingi zikufikie hapo Pate, wewe na mama na bibi. Je, goti la bibi limepoa? Mama bado akohoa asubuhi? Mimi afya ninayo, chakula cha nduguye mama, Khalati Fatma, chanikaa mwilini, na masomo si mabaya. Nimekuandikia kwa mkono kwa sababu simu ya nyumbani huwekwa sauti ya juu kila mtu akasikia, na haya siwezi kuyasema kwa mdomo. Wanijua.

Wakumbuka siku niliyokata simu nikasema mtandao mbaya? Mtandao ulikuwa mzima. Nilikuwa nalia.

Nasra, bintiye khalati, hupiga picha kwenye harusi za wanawake. Huku simu zote huachwa kikapuni mlangoni, na mpiga picha mwanamke ndiye pekee anayeaminiwa kuingia na kamera, maana ndani watu wamevua mabuibui. Basi kwenye harusi moja, siku moja kabla ya simu ile, mara ya kwanza tangu nije, nilicheza. Kichwa wazi, macho nimefumba. Nasra akanipiga picha. Kesho yake akaionyesha kwenye kioo cha kamera kwa kakake na vijana wawili rafiki zake barazani. Nilikuwa napita na maziwa, nikamsikia mmoja wao: "Huyo ndiye Mpate wenu? Acheza kama kuku kakanyaga kaa la moto!" Nasra alicheka mpaka akashika ukuta. Nilipomwomba aifute alisema, "Ipo humu humu, haijatoka. Wacha hasira, mwana we."

Tangu hapo, dada, sikutaka aniombe msamaha. Nilitaka aombe tu, chochote, nami nimnyime.

Nikachukua akiba yangu ya kupaka watu hina, nikaenda kwa fundi mmoja wa kamera, ghorofani, nyuma ya Biashara Street. Nilisimama mlangoni hata mzee akaniuliza kama nimepotea. "Nataka kamera ya harusi," nikasema, sauti ikatoka kama ya mbu. Akaniwekea mbili mezani. Moja nyepesi, yang'aa, ya kupendeza. Nyingine nzito, imechubuka pembeni, ila yaona vizuri penye taa hafifu. Nikauliza kila moja yatumia betri gani. Ile iliyochubuka ilitumia betri sawa na ya kamera ya Nasra. Nikaichukua hiyo.

"Na betri mbili za akiba," nikasema.

"Mbili? Wapiga picha wakubwa hununua moja, tena kwa kusukumwa."

"Ndiyo maana."

Mzee akacheka. Akanikataza zile za rahisi, ati huvimba zikakwama ndani, akanionyesha kuziandika namba nijue ipi imejaa. Maskini, hakujua amfundisha nani. Nasra ana betri moja tu. Twalala chumba kimoja, chaja yake naiona ukutani kila siku.

Nikangoja. Jirani yetu Bi Zainabu akawa amwoza bintiye, na kwa kuwa mimi ndiye niliyempaka bibi harusi hina, akaniruhusu kuingia na kamera yangu nijifunze. Kupamba, kule kumtoa bibi harusi mbele ya wanawake, kulikuwa alasiri. Nasra, ndiye aliyekodiwa, kama ada yake akaimaliza betri kwa kuwapiga picha mashoga zake. Kamera ikamzimikia vigelegele vishaanza, bibi harusi yuko mlangoni atengenezwa shela. Akanijia mbio.

"Swabra, habibti, nipe betri."

"Unayo picha yangu."

"Nitaifuta nyumbani, wallahi."

"Hapa hapa."

"Nitaifutaje na kamera imezima?"

Nikaitia betri yangu kwenye kamera yake, kwa mkono wangu. Kioo kikawaka. Nikarudi nyuma, harusi baada ya harusi, mpaka nikajiona: macho nimefumba, nacheka. Dada, nilikuwa mzuri. Nikaifuta hivyo hivyo. Nasra ameshanyoosha mkono. Nikaichomoa betri, nikaitia mfukoni, nikampa kamera yake imekufa.

"Swabra!"

Sikugeuka. Nikaenda kumpiga picha bibi harusi. Picha tatu za kwanza zilitoka na ukungu, lakini ya nne Bi Zainabu ameitundika sebuleni. Sasa akina mama hata wa mtaa wa Ganjoni wauliza, "Yuko wapi yule binti wa Pate, mnyamavu?"

Nikiri na hili, maana sina mwingine wa kumwambia. Kabla ya kutoka ukumbini nilimpiga picha Nasra naye. Amekaa chini kando ya kikapu cha simu, kichwa wazi, kamera mapajani, wanja umemtiririka. Sijamwonyesha mtu. Yeye ajua ipo. Siku hizi anitilia chai kabla ya kujitilia, na khalati ashangaa tumependana lini. Jana asubuhi aliniuliza polepole, "Utaifuta?"

Nikamwambia, "Ipo humu humu, haijatoka."

Najua utanigombeza. Nigombeze, ila usiniambie niifute kabla sijashiba.

Nisalimie mama, bibi na goti lake, mjomba wetu wa dukani, na mwalimu wangu wa chuo cha Kurani. Mwambie juzuu sijazisahau. Khalati awasalimu nyote. Nasra hakutuma salamu, nami sikumwomba.

Mdogo wako asiyesema mbele za watu,
Swabra