Gasketi Uliyoikata kwa Mkasi wa Altare

Mpendwa mama mkwe,

Tumsifu Yesu Kristo. Najua huko uliko umeshaitikia kabla sijamaliza, kama ulivyokuwa ukiitikia kutoka ndani ya nyumba bila kuchungulia.

Barua hii ingekuudhi kidogo. Miaka yote tuliyoishi jirani, wewe na mimi hatukuwahi kukaa mkeka mmoja. Nikikuona unakuja na kuni, mimi naingia majanini nikupishe. Ukinisikia nakohoa uani, wewe unajitanda kanga na kugeukia ukuta. Ndiyo heshima tuliyolelewa nayo. Neno lako likitaka kunifikia lilipita kwa binti yako Veronika, hata kama nimesimama hatua tatu. Leo nakuandikia moja kwa moja, maana Veronika mwenyewe amesema, "Mama sasa ni wa Mungu, na kwa Mungu hakuna mkwe." Basi nisamehe.

Juma lililopita kijiji kiliamua kuifungua ile pikapu ya zamani, kutoa vyuma vinavyofaa bado. Nililala chini yake mimi mwenyewe, nikafungua lile karai la chuma linalobeba oili chini ya injini, ambalo mafundi huliita sampu. Nilichokikuta humo ndicho kilichonifanya nitafute kalamu.

Unaukumbuka mwaka ule, kabla ya mvua. Tulikuwa tumeshahamia kijijini, kila kaya na kiwanja chake kando ya barabara, na lile shamba la pamoja limelimwa, linasubiri mbegu na mbolea zilizokuwa ghalani Sumbawanga. Gari moja, dereva mimi. Na gari linavuja. Kila nilikopita niliacha mstari mweusi. Mwenyekiti wetu, mtu wa maneno kama unavyomjua, akanisimamisha kisimani mbele ya akina mama.

"Dereva, huyu ng'ombe wako anakojoa tangu Mwimbi! Siku hizi tukikutafuta hatuulizi mtu, tunafuata mkojo."

Watu wakacheka, naye akacheka, kisha akaacha. Akasema kamati imekaa: Jumatatu gari liwe mjini kuchukua mbolea. Likishindwa, nirudishe funguo, atafutwa dereva mwingine.

Nilikuwa nimekwishakwenda kwa fundi mjini. Alichungulia, akafuta mikono, akaniambia gasketi ya gari lile, ile ya kuziba sampu isivuje, haipo dukani, mpaka iagizwe Mbeya. Niliache gari, nilipe kwanza, nisubiri. Nikamuuliza, "Nisubiri mpaka lini?" Akanijibu, "Mbona una haraka kuliko gari lenyewe?" Fedha ya kijiji ilikuwa ya mbolea, na mvua haina subira. Nikarudi nalo, nikiliongezea oili njiani kama mtu anayemnywesha mgonjwa.

Lakini kulikuwa na jingine ambalo sikumwambia mtu. Ulipoletewa posa yangu uliwaambia wazee, "Dereva? Dereva ana nyumba kila kituo. Mtu wa barabara huyo." Veronika alinisimulia baadaye huku anacheka. Mimi sikucheka. Nikajiona napokonywa funguo mlangoni pako, wewe umegeukia ukuta, unanyamaza, na kunyamaza kwako kunasema: si niliwaambia?

Jumamosi asubuhi nikachimba shimo fupi kati ya nyumba yangu na yako, la kutosha mgongo, nikalisogeza gari juu yake. Shemeji Faustini, mwanao, akaja kunisaidia. Tukamwaga oili kwenye debe na kuichuja kwa kitambaa, maana hata oili ilikuwa ya kutafutwa. Tukafungua boliti zote, tukakwangua gasketi ya zamani iliyokauka kama ukoko. Mpya nikaikata kwenye boksi la sabuni. Halafu tukakaza. Ee mama, tulikaza! Faustini alining'inia kwenye spana kama anayemwangusha dume. Tuliamini kabisa kwamba oili itazuiwa na misuli yetu. Tukairudisha oili, nikawasha injini, na kabla sijafika chini kuangalia nikaisikia: to, to, to.

Nikalala pale shimoni. Miguu imetokeza nje. Ndipo nikaisikia sauti yako.

"Veronika."

"Abee, mama."

"Mwambie huyo bwana avute miguu yake, nataka kupita."

Nikaivuta upesi. Lakini hukupita. Ulikaa juu ya kinu kilichopinduliwa, ukalipa gari mgongo.

"Muulize huyo bwana, hicho wanachokihangaikia tangu asubuhi ni kama pindo?"

Veronika akainama. "Baba, mama anauliza..."

"Nimesikia. Mwambie ndiyo, ni kama pindo. Linakaa kati ya chuma na chuma."

"Basi mwambie pindo halishonwi kwa hasira. Ukivuta huku, kule kunakunjamana. Nawasikia wanaguna kama wanachinja."

Faustini akaangua kicheko. Yeye hakuhitaji mpitishaji. "Na wewe nyamaza," ukamwambia, "ndiwe uliyelichana."

Tulipofungua tena, tukakuta ni kweli. Boksi lilikuwa limebanwa likatokeza upande mmoja, na kwenye boliti za Faustini limechanika. Nikataka kukata jingine kwenye boksi lilelile. Ukasema, "Mwambie boksi ni laini, halifai," ukaingia ndani.

Ulitoka na kalenda kubwa ya misheni, ya mwaka uliopita, yenye picha ya Bikira Maria na karatasi ngumu nyuma yake, nene kama jalada la daftari la ofisini.

"Mama! Hiyo?" Veronika alishika mdomo.

"Mama wa Mungu hatakosa pa kukaa. Nitambandika ukutani kwa uji."

Ukaibandua picha polepole kwa kitambaa kibichi. Ikatoka yote, isipokuwa ukingo mmoja wa joho lake la buluu, ambao ulikataa kuachana na ile karatasi. Ukafanya ishara ya msalaba, ukaendelea. Ulipaka masizi ukingo wa sampu, ukaugandamiza juu ya karatasi kama mhuri, na umbo lote likabaki pale, na matundu yake. Kisha ukauchukua mkasi wako wa vitambaa vya altare, ule ambao Veronika alikatazwa hata kukatia uzi wa kanga. Nilikuwa chini ya gari nakuangalia mikono tu, kwa adabu. Haikusita mahali. Matundu ukayatoboa kwa msumari wa moto.

"Mwambie apige bandi kwanza, ashikize tu, ndipo ashone. Boliti zote kwa vidole. Kisha ya kichwani na ya miguuni, ya kulia na ya kushoto, kidogo kidogo, mpaka zote ziwe sawa. Na Faustini asiguse."

Nilizunguka mara tatu hivyo hivyo. Tukarudisha oili, nikawasha. Ukaja na ungo wa majivu, ukayamwaga chini ya injini, ukaenda zako kuinjika ugali.

Asubuhi ya Jumapili niliamka kwenda kuangalia, nikakuta umenitangulia, umesimama na rozari mkononi. Majivu yalikuwa meupe. Palikuwa na nyayo za kuku tu.

Baada ya misa mwenyekiti akakuchokoza pale nje ya kanisa: "Mama, vipi huyo mkweo, tumpeleke kwa fundi mjini?"

"Mjini mwende mkanunue chumvi," ukamjibu. "Fundi ninaye nyumbani."

Ninaye. Sijui kama ulijua ulichonipa kwa neno hilo. Jumatatu niliendesha hadi Sumbawanga na kurudi, mbolea imejaa mpaka juu, na nyuma yangu barabara safi. Tangu siku hiyo naitwa Fundi. Madereva walikuja hata kutoka Kabwe kuuliza nilikaza vipi. Nilitaka kusema kweli, na ukanizuia kwa kinywa cha Veronika: "Mwambie huyo bwana, pindo zuri halionekani." Nikatii. Nikala sifa yako, mama, kwa miaka yote hii.

Hata siku ya mazishi yako walitaja vitambaa vya altare, walitaja mkono wako wa kupika pombe ya ulezi, wakataja ukali wako. Mimi nilisimama nyuma na wakwe wenzangu, nimefumba mdomo. Leo nafumbua. Kila asomaye barua hii ajue: mbolea ya mwaka ule ilifika kwa mkasi wako. Mimi nilishika spana tu. Nami najivuna kuwa mkwe wako kuliko ninavyojivunia kuitwa Fundi.

Gasketi yako ilitoka nzima, mama. Ngumu kama ngozi iliyokaushwa, nyeusi, lakini nilipoiosha kwa mafuta ya taa ukatokea upande mmoja ule ukingo wa buluu. Nikampelekea Veronika. Akaingia nayo nyumbani kwako, mpaka ukutani, ambako picha ingali palepale uliposema utaibandika, pembe zake zimeliwa na mende kwa ajili ya uji wako. Akaiweka gasketi juu yake. Ikakaa kama fremu, na buluu ikarudi mahali pake kwenye joho.

Nikaipigilia misumari. Nilianza ya juu, kisha ya chini, ya kulia, kisha ya kushoto, kidogo kidogo.

"Mama angesema imepinda," Veronika akasema, na hapo ndipo alipolia.

Haijapinda, mama. Nimepima. Pumzika kwa amani ya Bwana, na ukikutana na Mwenye picha, umwambie ahsante kwa ile karatasi.

Ni mimi mkweo,
huyo bwana.