Kompyuta ya Baba Haina Ubovu

Buzuruga, Mwanza

Kaka Masele,

Shikamoo. Huku mvua zimeanza, na Queen wangu ameingia darasa la kwanza. Nakuandikia kwa sababu nikikupigia simu, baba hukaa karibu akisikiliza.

Ile kompyuta uliyomletea, tuliyoiunganisha na runinga ili atazame video za kwaya yake, ameilalamikia mwezi mzima: "Inaganda, halafu inaruka mbele." Fundi Farouk amekuja mara tatu. Alisafisha vumbi, akabadilisha feni, hata diski. Mwishowe aliiwasha siku nzima dukani kwake Mirongo, haikuganda hata mara moja. Baba akamwita tapeli.

Jumapili nilikaa naye nione mwenyewe. Kwaya ilikuwa inaimba vizuri tu. Ghafla baba akatulia, macho wazi, kikombe kikainama mkononi, chai ikamwagikia magotini. Nilimwita, hakusikia. Baada ya muda akapepesa macho, akasema, "Umeona, Selina? Imeganda tena."

Jana daktari alituonyesha picha ya kichwa chake. Ni uvimbe, na upasuaji hauwezekani.

Nilipomweleza, baba akauliza, "Kumbe ni mimi?" Nikamwambia ndiyo. Akaniomba nimpigie Farouk, amwombe radhi.

Kaka, njoo, usisubiri likizo. Asubuhi hii alianza kuniuliza habari zako, akaganda katikati ya jina lako.

Mdogo wako anayekungoja,
Selina