Skrubu za Ubao wa Yamna

Ukaimeden, mwezi wa Februari

Dada yangu Tuda,

Amani iwe nawe na wenzako wote mnaolala chumba kimoja. Natumaini barua hii itakukuta mzima, mgongo haujakusumbua sana kwa kuinamia stroberi za watu, na lile koti nililokupa linakufaa, maana Fadma, aliyetoka huko, anasema asubuhi za Hispania nazo zina baridi yake. Sisi huku hatujambo. Mama magoti yanamuuma, lakini ulimi haumuumi hata kidogo. Mwanao Yamna naye yuko salama. Nitakueleza habari zake, ila kabla hujaendelea kusoma nakuomba ulishike hili: anakula, anacheka, na sasa hivi yuko uani anagombana na mbuzi.

Nimeamua kuandika kwa sababu ninayotaka kukueleza hayasemeki kwenye simu. Wewe ukipokea, chumba kizima kinatega masikio. Mimi nikipiga, Mama ananinyang'anya simu. Fadma anarudi huko keshokutwa, kwa hiyo nimemwomba anibebee.

Theluji mwaka huu imetukumbuka. Imefika hadi kwenye madirisha ya zizi, na watu wa Marakeshi wanapanda huku kila Jumapili na watoto wao na vyungu vyao vya tajini. Nilipoona hivyo nikashuka soko la vitu vikuukuu la Bab Khemis, nikarudi na mbao za theluji, zile pana ambazo mtu anasimama ubavu, miguu yote miwili juu ya ubao mmoja. Vijana siku hizi hawataki tena kukodi kitu kingine. Vifungio vyake, vile vinavyobana viatu, vilikuwa kwenye gunia la peke yake, lakini skrubu za kuvifungia haikuwemo hata moja. Muuzaji aliniapia kwamba skrubu ni skrubu tu, nitazipata popote.

Nilimwambia Yamna angoje niteremke Urika nikazitafute. Mwanao unamjua. Kungoja hakujui, na tabia hiyo hakuiokota kwa majirani. Nilipokuwa chini nikiwavalisha viatu wageni, yeye alichukua kopo la marehemu Baba, lile la misumari na mabaki ya bawaba, akachambua skrubu zilizokubali kuingia kwenye matundu ya ubao, akazikaza kwa nguvu zake zote. Akakitikisa kifungio, hakikusogea. Basi akaubeba ubao begani, akapanda mlima.

Sikumwona alivyoanza kuteremka. Nilisikia wageni wakipiga kelele, nikainua macho. Alikuwa amefika pale juu ya miamba ya njia ya mbuzi, anakata kona, na kifungio cha mbele kikang'oka chote, skrubu na kila kitu, kikabaki kimening'inia kwenye kiatu chake. Mguu wa nyuma ulikuwa bado umefungwa. Ubao ukawa unamzungusha na kumpiga, naye anaviringika kuelekea korongoni. Mimi nilikimbia, Tuda, lakini kukimbia kupanda kwenye theluji ya magotini si kukimbia. Mtu mwingine alishuka kutoka juu kwa ubao wake, akapita chini ya Yamna, akaugeuza ubao wake ukwame, akamkinga kwa mwili. Wakagonga mwamba wote wawili, ila aliyegonga kwa bega ni yule aliyemkinga.

Alikuwa Bihi.

Ndiyo, Bihi huyo huyo, mwana wa Hmad mwenye nyumbu. Najua umeiweka barua chini. Ichukue tena, tafadhali.

Yamna aliteguka kifundo cha mkono na kuchubuka kidevu, basi. Muuguzi wa zahanati alimfunga bandeji, na sasa imeshafunguliwa. Lakini siku ile tulikuwa hatujui, na Bihi alimbeba mgongoni hadi mlangoni kwetu. Wewe unajua tangu Baba alipokataza jina la Bihi lisitajwe nyumbani tumeishi naye vipi. Yeye anakodisha vifaa vyake upande wa juu, sisi upande wa chini, na tukikutana sokoni tunapishana kama magari. Mama alifungua mlango, akamtazama, akamwambia, "Mtoto mlete ndani. Wewe baki hapo hapo." Halafu akaona bega lake lilivyovimba, akasema, "Haya, ingia na wewe. Usije ukafia kizingitini kwangu watu wakasema tumekuua."

Akaingia, akanywa supu ya shayiri bila kuinua macho. Alipomaliza akaomba aletewe ubao. Akayapitisha matundu kwa kidole na kuuliza nani aliyefunga. Nilitaka kujibu ni mimi, ili mtoto asiaibike, lakini mwanao akadakia, "Mimi."

"Umekaza vizuri," Bihi akamwambia. "Mkono wako hauna kosa. Skrubu ndizo zenye kosa."

Akaziokota zilizobaki, akazipanga juu ya sinia ya chai kando ya skrubu aliyoitoa mfukoni mwake. Kwa unene zilikuwa sawa kabisa. Lakini ya kwetu ilikuwa fupi. Akatuonyesha kwamba unene wa sahani ya kifungio, kile kitako chake kinachokaa juu ya ubao, ulikuwa umemeza karibu skrubu yote, na kilichobaki cha kuingia kwenye ubao kilikuwa mizunguko miwili tu ya meno. Akasema skrubu ya namna hiyo hukazika, inakuambia nimeshika, na ukitikisa unaamini, kumbe imeshikilia kwa ncha. Siku uzito wote ukiielemea, inaachia.

Mama akasema kutoka kwenye kona yake, "Hata wanaume wa namna hiyo wapo."

Bihi aliinama, Tuda, masikio yakawa mekundu kama pilipili. Akaendelea kumweleza Yamna kwamba ndefu mno nayo haifai, maana inafika mwisho wa tundu kabla haijaibana sahani, na ukiilazimisha inausukuma ubao hadi unatoka nundu upande wa chini. Yamna akauliza atajuaje iliyo sawa. Akamwambia aipitishe kwenye sahani na washa yake, kile kipete cha chuma, apime kinachochomoza upande wa pili, alinganishe na kina cha tundu. Ijaze tundu karibu lote, isigote chini.

Kesho yake alirudi na boksi la skrubu zinazofaa na bisibisi ya nyota yenye kichwa kipana. Mimi nilikuwa nimeazima mashine ya kuchimbia ili tumalize haraka. Akaichukua mikononi mwangu, akaiweka nje mlangoni kama mtu anayetoa paka. Akasema kila skrubu ianzwe kwa vidole. Ikigoma, meno hayalingani, itolewe, isilazimishwe. Zikishaingia zote nne ndipo zikazwe kwa mkono, kidogo kidogo, kwa kukatiza pembe kwa pembe, ili sahani ilale sawasawa. Yamna alifunga kwa mkono wake mzima mmoja, mimi nikimshikia ubao. Bihi akamwambia afungue zote aanze upya. Akafungua. Alipomaliza mara ya pili akaambiwa, "Tena." Nikasema leo nyumba itaungua, maana nilijua akikaripiwa hivyo huwa anatupa vitu. Hakutupa. Alifungua, akafunga, ulimi umetoka pembeni mwa mdomo kama wako ukishona.

Mbao zikaisha. Bihi hakuisha. Siku iliyofuata alikuja kuangalia kama gundi aliyopaka kwenye meno ya skrubu imekauka. Iliyofuata tena akasema amesahau bisibisi, na bisibisi ilikuwa mfukoni kwake, sote tunaiona. Mama akaniambia kwa sauti ambayo hata mbuzi walisikia, "Huyu mtu atamaliza sukari yangu ya msimu mzima kwa ajili ya skrubu."

Aliyelitoa jambo hadharani ni mwanao. Tulikuwa tunakunywa chai, akamuuliza Bihi uso kwa uso, "Ami, kwa nini hukumwoa mama yangu?" Mimi chai ilinipalia. Mama akaacha kusokota sufu.

Bihi aliweka glasi yake chini. Halafu akasema alipokwenda Hispania alimuahidi baba yetu kwamba akipata kazi na karatasi za ukaazi atatuma ujumbe wa posa. Karatasi hakupata. Alikuwa analala kwenye ghala la mbao za theluji za watu, anafunga vifungio vyao mchana kutwa na kujificha jioni polisi wakipita. "Ningemtumia ujumbe gani? Kwamba nalala juu ya maboksi? Nikasema ningoje nipate kitu cha maana. Nikangoja hadi nikasikia mama yako ameolewa." Akaongeza kwamba hata aliporudi, akaoa kule Asni na wakaachana, hakuwahi kumlaumu mtu yeyote wa nyumba hii. Yamna akamwambia, "Ungetuma hata hilo la maboksi." Naye akasema, "Ndiyo. Ningetuma hata hilo."

Mama aliinuka, akaingia jikoni. Nilidhani ameudhika. Akatoka na sahani ya kokwa za jozi na ile asali ya akiba ambayo hata mimi mwanawe sijaionja tangu sikukuu, akaiweka mbele ya Bihi.

Juzi Yamna alipanda tena mlimani. Sikutaka, nakiri, nilimwambia mkono haujapona, theluji imeganda, wageni ni wengi, kila uongo nilioweza kuufikiria. Akanisikiliza hadi mwisho, kisha akanipa bisibisi na kuniambia nikague mwenyewe. Nilikagua kila skrubu. Hakuna iliyosogea hata unywele. Akapanda, akasimama pale juu ya miamba, na mimi moyo ukasimama naye. Akashuka, Tuda. Alikata kona ile ile kwa utulivu, theluji ikiruka nyuma yake, na hakusimama hadi miguuni pangu. Jambo la kwanza alilofanya, kabla hata ya kuvua kofia, ni kupiga magoti na kukagua skrubu zake, kwa sababu Bihi amemwambia mteremko wa kwanza ndio unaozilegeza. Ndipo akacheka. Wageni waliokuwa wamemtazama wakapanga foleni kukodi kwetu, na wawili wakamwomba awakagulie na mbao zao walizokuja nazo. Ameshaandika kibao, amekipigilia mlangoni: "Hapa tunafunga vifungio. Subiri kidogo." Yeye, Yamna, anawaambia watu wasubiri!

Sasa nifikie lililonifanya nikuandikie.

Jana Bihi alikuja amevaa jilaba safi, bila bisibisi. Akaniomba tutoke nje. Akaniambia kwamba Baba hayupo, na mimi ndiye mwanamume wa nyumba hii, kwa hiyo ananijia mimi; lakini anajua anayestahili kuulizwa ni wewe. Anataka kukuoa. Alilisema hivyo hivyo, moja kwa moja. Nilimwambia mimi sina la kukuamulia; ulishaamuliwa mara moja na nyumba hii, na ndoa ile ikaishia kwenye talaka; inatosha. Akasema hicho ndicho alichotaka kusikia. Na hataki nikuulize kama utakubali kuolewa. Anataka nikuulize kitu kidogo zaidi: mavuno yakiisha mwezi wa sita na meli yenu ikifika Tanja, je, unamruhusu aje kukupokea bandarini? Ukikubali, atakuja yeye. Ukikataa, nitakuja mimi kama kila mwaka, na hakuna atakayekuuliza chochote njiani.

Mama anasema yeye hasemi kitu, na hilo ameshalisema mara nyingi. Yamna anasema uamue bila kumfikiria yeye, kisha akaniuliza kama Bihi akija kukupokea na yeye anaweza kwenda.

Dada, usijibu kwa haraka, na usijibu kwa ajili yetu. Nisalimie Fadma na umshukuru kwa kunibebea, na wasalimie wenzako wote wa chumbani, hasa yule wa Beni Mellal anayekuchekesha. Mama anakubusu kichwani. Mbuzi wa Yamna wameshinda ugomvi. Mungu akulinde, akurudishe kwetu na afya yako yote.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,
Iddir

Tena: nimeifungua bahasha ili niongeze hili. Barabara ya kushuka imezibwa na theluji ya usiku, mwezi wa sita uko mbali, na mwenzako Bihi tangu asubuhi yuko nje na ndoo ya maji ya moto, anaosha gari lake.