Kama Lusajo Alimsikia Mama

Iringa, mwezi wa Julai

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo, na Mama pia nampa shikamoo yake. Natumaini kifua chako kimepata nafuu, na kwamba baridi ya Ilomba haikuzuii kwenda kanisani. Mimi mwili ni mzima. Watu wa hapa ni wapole. Kila asubuhi wananiambia "kamwene" nami naitika, kisha mazungumzo yanaishia hapo, maana Kihehe changu nacho kinaishia hapo. Jumapili huweza kupita nzima pasipo mtu kuniita jina langu.

Barua yako ilinifikia kwa mkono wa dereva wa lori. Umeniuliza kama nakubali matanga ya kaka Lusajo yawekwe baada ya mavuno, ili mkewe Tumpe awe huru kumjibu yule seremala anayemposa. Tena umeniandikia maneno ya Mama, anayekataa matanga: "Mwulizeni Atupele. Yeye ndiye anayefanya kazi kwenye gari la sinema. Aseme kama Lusajo alinisikia au hakunisikia."

Nimekawia kujibu kwa sababu nilitaka kwanza kuiona tena picha ile. Unakumbuka, Baba: ulikuwa umekwisha kuitwa bomani na kuambiwa kwamba Lusajo amefia vitani Burma. Kabla hatujamaliza kuwapasha ndugu habari, gari la sinema likaja, shuka jeupe likatundikwa uwanjani, na sauti ikatangaza, "Hawa ni askari wetu walioko vitani." Tukamwona Lusajo anakula wali na nyama, amenenepa. Mama akasimama katikati ya watu, akapaza sauti, "Lusajo! Mwanangu!" Naye akageuza uso, akacheka. Uwanja mzima uliona. Tangu hapo nani angemwambia Mama kwamba mwanawe amekufa? Na vijana waliokuwa wakisita kujiandikisha jeshini walisema njiani, "Kumbe huko hawafi, wananenepa." Mtoto wa jirani yetu alikwenda bomani juma lile lile.

Filamu hiyo imo katika stoo ya ofisi yetu, pamoja na nyingine za wakati wa vita. Nilimwomba dereva wetu, Mzee Kalinga, anionyeshe mchana, tukaziba madirisha kwa mablanketi. Lusajo akala, akageuka, akacheka. Nikaomba irudiwe, kisha irudiwe tena. Mimi, ambaye kazi yangu ni kueleza picha kwa kipaza sauti, nilikaa kimya muda wote huo, Baba. Sikumwita. Naye aligeuka pale pale.

"Bibi Atupele," akasema Mzee Kalinga, "mwache huyo bwana ale kwa raha. Ningekuwa mimi, ningekwisha kususa."

"Ni kaka yangu."

Akazima mashine. "Lo! Pole, mwanangu. Mimi na mdomo wangu."

Nilimwomba aiwashe mara moja tu. Safari hii sikumtazama Lusajo. Nilitazama nyuma yake. Nyuma ya masufuria kuna mlima wenye mawe makubwa, na mlima huo ndio ninaouona dirishani kwangu kila ninapoamka. Walipigwa picha hapa Iringa, kambini, kabla hawajasafiri. Vitani palikuwa katika maneno ya mtangazaji tu.

Chuoni Uganda nilifundishwa nisiharakishe kuhukumu, na nimejitahidi. Picha hii haithibitishi kwamba Lusajo amekufa. Inaonyesha tu kwamba alikuwa hai kabla ya kuondoka, jambo tulilolijua. Aliyemwita huenda ni mpishi, huenda ni mwenye kamera. Sijui pia kama walioitengeneza walikusudia kutudanganya, au hawakuwaza kabisa kwamba uwanjani kungekuwa na mama wa mmoja wao. Lakini habari ya bomani ipo, na miaka yote hii ya ukimya ipo. Kitu pekee kilichosimama kuipinga kilikuwa picha, na sasa siwezi tena kuiegemea.

Kwa hiyo umwambie Mama, kwa kinywa chako mwenyewe, kwamba Lusajo hakumsikia. Usimwambie alikosea. Alimwona mwanawe akamwita. Ningemshangaa kama angenyamaza. Matanga yawekwe, na Tumpe amjibu seremala kama moyo wake unavyotaka.

Nisalimie Shangazi, aliyenilea Mama alipougua, na mwinjilisti wetu. Tumpe mwambie kwamba popote atakapoolewa ataendelea kuwa wifi yangu.

Ruhusa ya kuja nimeiomba, sijajibiwa. Nimejaribu kumlilia kaka hapa, Baba, nikashindwa. Majirani wasingejua wanipe pole ya nani, nami ningeona aibu kuwaeleza. Naomba jambo moja tu: msianue matanga kabla sijafika.

Ni mimi binti yenu,
Atupele