Usipite Msufini

Melini, pwani ya kaskazini ya Norwe
11 Julai 1972

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Nawe Kaka Ismaili, shikamoo, maana najua ndiwe unayemsomea Mama barua hii. Shuleni tumefundishwa kwamba salamu hutangulia na habari hufuata, lakini leo mniwie radhi nikianza na habari. Mama, usishuke bondeni. Usipite msufini, usitue mzigo pale, wala usimwache mtu yeyote wa Mahurunga akae kwenye kivuli kile. Pamefukiwa mabomu. Kaka, kama Mama hayupo nyumbani unaposoma hapa, iache barua, mkimbilie, halafu urudi kuimaliza.

Sasa nawasalimu kwa utulivu. Hamjambo wote? Kifua cha Mama kimepata nafuu? Mikorosho imeanza kutoa maua? Mimi ni mzima wa mwili, na mwenzangu Halima ni mzima pia. Walimu wanawake wa huku waliotualika wanatutunza kama watoto wao, na Mwalimu Martha aliyetoka nasi Mtwara hatuachi hata kidogo.

Meli yetu inapita kati ya milima iliyosimama ndani ya bahari, myeusi chini na myeupe juu kwa theluji. Wasafiri hushinda nje na kamera zao, pua nyekundu, wakifurahi. Halima anasema kumbe wenzetu hulipa nauli ili wapigwe na baridi, na kwamba wangekuja kwao Newala mwezi huu wa saba wangeipata bure. Jua la huku halizami kabisa siku hizi. Saa yangu sikuibadilisha, nasali magharibi wakati ninyi mnaposali, na hapo huwa najiona niko uani kwetu.

Asubuhi ya kwanza mezani niliwekewa sahani ya nyama nyembamba, nyekundu. Kabla sijaigusa, kijana mmoja wa jikoni, Mzungu mwenye nywele nyeusi, aliinama kana kwamba anaokota kijiko, akaninong'oneza kwa Kiswahili cha kuvunjikavunjika kwamba dada asile, hiyo nguruwe. Mama, kusikia Kiswahili mwisho wa dunia vile nilitaka kulia kwa furaha. Tangu siku ile akawa anatutengea samaki na mkate. Nilipomwuliza alijifunzia wapi lugha yetu alijibu Afrika, kazini, akaondoka upesi. Halima akawa ananitania eti nimepata mchumba wa jikoni, nitakufa nimenenepa.

Juzi nilikuwa nje nikiirudia barua yenu niliyoipata kabla hatujaondoka, ile mliyosema kwamba maji yakipungua Mama atarudi kulima bondeni, kwa mara ya kwanza tangu Hassani atutoke kule mtoni na watu wakaliacha bonde. Yule kijana akatoka na ndoo ya maganda ya viazi. Akaniuliza kwetu wapi. Nikasema Mtwara. Akataka kujua Mtwara ipi, nikasema Mahurunga. Akaitua ndoo. Akaniuliza kama ule msufi ambao kina mama huutundikia kanga bado umesimama.

Baridi niliyoisikia wakati ule haikuwa ya bahari. Upande wetu hajafika Mzungu kama yeye tukamjua. Basi alituona kutoka ng'ambo ya Ruvuma. Nilimwuliza waziwazi, naye hakukana. Anaitwa Duarte. Alikuwa askari wa Wareno, akatoroka jeshi, akakimbilia huku. Alisema walikuwa wakitutazama kwa darubini hata wakawatambua watu. Kulikuwa na mama mmoja aliyefika daima wa kwanza, akatundika kanga yake kwenye tawi la chini, akaupiga mti kwa kiganja kabla ya kukaa. Wale askari walimwita Mwenye Nyumba. Mama, ni nani mwingine anayeubishia msufi hodi?

Nikamwuliza kwa nini anaulizia mti ule. Akasema mwaka jana walivuka kwa mtumbwi wakafukia mabomu chini yake, kwa kuwa waliona ndipo watu wanapopumzika. Kabla hajanieleza zaidi aliitwa jikoni.

Ilibidi nimngoje mpaka chakula cha jana asubuhi, maana hana ruhusa ya kukaa na wasafiri. Alisimama kando yangu akijifanya anapangusa meza. Alisema mabomu yamezunguka shina, yakateremka kuelekea mtoni. Njia inayopita kwenye mihogo ya Mzee Petro hawakuigusa, lakini nawaomba hata hiyo msiipite mpaka askari wetu waikague. Juzi ileile Mwalimu Martha alipeleka simu ya maandishi kwa wakubwa wa wilaya. Aliniuliza nani kaniambia, nikajibu ni msafiri aliyekwisha shuka. Nilimdanganya, kwani Duarte hana karatasi za kuishi huku, nami nilikuwa bado namhitaji.

Kaka, hapa mketishe Mama, umshike mkono.

Safari ileile walifukia bomu jingine, pale wavuvi wanapotegea madema. Hilo alilichimbia Duarte mwenyewe. Alisema alfajiri iliyofuata, lilipomlipukia mvuvi mmoja, alikuwa zamu ya darubini, akamwona Mwenye Nyumba akikimbia kuelekea mtoni kwa njia ya mihogo, kanga mkononi. Wiki ile akatoroka.

Alinieleza haya sahani ya samaki ikiwa mbele yangu, bila kujua anamweleza nani. Nami nilikula, Mama. Alikuwa akiutazama mlango wa jikoni, nikaona nikiisukuma sahani ataondoka na hatarudi, na alikuwa hajaniambia habari za upande wa kile kichuguu kilicho jirani na msufi. Nikatafuna, nikameza, nikamwuliza, na kwenye kichuguu je? Akasema na huko pia, mpaka nyuma yake. Nilikula chakula cha mkono uliomuua Hassani mpaka nikayajua yote. Ndipo nikamwambia kwamba yule mvuvi alikuwa na jina, na kwamba ni kaka yangu.

Alikaa sakafuni mbele ya watu. Baadaye akaniomba msamaha. Nikamjibu kwamba msamaha huo si wangu kuutoa, una mwenyewe, na yuko Mahurunga. Tangu hapo nala mkate anaoniletea Halima, ambaye hanitanii tena.

Mama, sikuombi neno lolote juu ya Duarte. Hilo laweza kungoja, hata miaka. Wala sijui kama utataka kunipokea mikono hii iliyokula chakula chake. Nisalimieni Asha na majirani wote, na mkipita kaburini kwa Hassani mniombee radhi kwake. Mimi nakuomba jambo moja tu. Barua hii ikikufika, niandikieni kwamba kanga yako iko uani, juu ya kamba.

Ni mimi mwanao,
Mwanahawa