Neno Moja la Baba

Bonde la Teviot, Uskoti
Machi 1849

Kaka yangu mpendwa Wattie,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Natumaini baridi ya huko Kanada haijakuumiza kifua, na kwamba wifi Janet na mtoto hawajambo. Mimi sijambo. Habari za baba ndizo zilizonifanya nikawie kukuandikia.

Mwezi Novemba alianguka zizini akilisha kondoo. Upande wote wa kulia ulikufa, na maneno yakampotea, likabaki moja tu: fere. Unalikumbuka, lile la kizee alilokuwa akiwajibu watu wakimjulia hali, maana yake mzima kabisa. Akitaka maji, husema fere. Akilia, fere. Mama Rutherford wa jirani alisema hajapata kuona ugonjwa wa kujisifia uzima, tukacheka, na baba akacheka nasi. Akili yake iko timamu, Wattie. Anaelewa kila kitu.

Mwenye shamba akatuambia tuhame kabla ya Mei, kwa kuwa nyumba ni ya mchungaji wa kondoo anayefanya kazi. Nikaomba msaada wa parokia. Mkaguzi wa maskini akaja, akasimama mlangoni, hakutaka hata kukaa.

“Mzee, unaumwa wapi?”

“Fere,” baba akasema.

“Mkono huu unanyanyuka?”

“Fere! Fere!” Machozi yalikuwa yanamtiririka.

Nikamwambia, “Bwana, mtazame mdomo ulivyopinda, usimsikilize!” Akafunga mkoba wake. “Mwenyewe anasema mzima, dada. Mimi nani nimbishie? Sheria haimlishi mtu mzima.” Akaenda zake. Baba akaupiga mdomo wake kwa ngumi mpaka ukatoka damu.

Nikabisha hodi kila nyumba tunayoifahamu. Wengine walitupa uji wa shayiri, ila wa kumpa kitanda hakuna.

Sasa kaa chini, kaka. Ijumaa iliyopita nimeolewa na Adam Pringle wa kinu cha nafaka. Ndiyo, huyo huyo tuliyekuwa tukimwita Kidevu cha Mbuzi. Unajua jinsi wake zake wawili marehemu, kila mmoja kwa zamu yake, walivyokuwa wakija kanisani, kofia zimeshushwa mpaka machoni kuficha alama. Najua pia. Lakini ana chumba chenye moto nyuma ya kinu, na amekubali baba alale humo.

Asubuhi ya Ijumaa hiyo nilimweleza baba. Nilipofika mlangoni akanishika shali kwa mkono wake mzima, akaing'ang'ania, na nguvu aliyokuwa nayo sijui aliitoa wapi. Pringle alikuwa nje, anaita. Nikachomoa pini, nikamwachia baba shali mkononi, nikaenda kanisani mabega wazi kwenye theluji.

Usitume nauli, kaka, wala usimwandikie Pringle kwa hasira; barua zote anazifungua yeye. Hii nimempa Mama Rutherford aipeleke posta. Mbusu mtoto, mpe wifi salamu zangu. Mungu awalinde.

Ni mimi dada yako,
Grizel